Laki nne na nusu kwa mtaalamu wa michakato: nilichopata na nilichomlaumu

Mimi nafungasha dagaa Kirumba, Mwanza, hatua chache tu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Tuko wanane, nikijihesabu na mimi. Tunanunua magunia yanayoshuka kutoka Ukerewe na visiwa vingine, tunachambua, tunapepeta mchanga, tunaanika tena, tunapima, tunafunga pakiti za robo na nusu kilo, katoni zinapanda basi. Mwaka wa kumi na moja huu. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu aliponiletea kijana wa "kuboresha michakato ya biashara" nilicheka. Nilijua ni wale wa kitambulisho shingoni na slaidi.

Bei yake ilikuwa 450,000 kwa wiki tatu, nusu mwanzo na nusu mwisho. Jina silitaji, maana nina ya kumsifu na nina ya kumlaumu.

Alifika saa moja asubuhi, shikamoo mama, akaomba kiti. Akaniuliza nataka nini kibadilike. Nikamwaga yote: gharama zishuke, oda zitoke mapema, malalamiko ya mchanga yaishe, wasichana wangu wasiumwe migongo, faida ipande. Aliandika kila kitu kwa adabu, kisha akasema, "Mama, hayo ni malengo matano, na mengine yatagombana yenyewe kwa yenyewe. Tuanze na moja. Na hilo moja uniambie leo liko wapi, kwa namba."

Namba sikuwa nayo. Nilijua oda zinachelewa kama ninavyojua jua ni kali. Akaniambia lengo lisilo na namba ya leo, namba unayoitaka na tarehe ya kuifikia, hiyo ni dua, siyo mradi. Ilinichoma kidogo, lakini nikakubali. Tukachagua siku: tangu gunia linaingia mlangoni mpaka katoni linatoka.

Hapa ndipo alipoila hela yangu kihalali. Alilifunga gunia moja kitambaa chekundu, akakaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, daftari gotini. Kila mkono ulipoligusa lile gunia aliandika saa. Mikono ikiondoka, anaandika tena. Wasichana walimwona kama mwendawazimu. Gunia liliingia Jumatatu saa nne asubuhi, likatoka limeshakuwa pakiti Alhamisi saa nne. Siku tatu kamili. Akanionyesha hesabu: mikono ya watu ilifanya kazi kwa saa tano na dakika ishirini. Jua la kuanikia akaliweka pembeni, akasema hilo ni la Mungu. Muda uliobaki, ukiondoa usiku, dagaa walikuwa wamekaa tu wanasubiri.

Walisubiri mizani, kwa sababu tuna moja. Walisubiri mtu wa katoni arudi kula. Lakini kisubirio kirefu kuliko vyote kilikuwa lebo, tangu Jumatano saa sita mchana mpaka Alhamisi asubuhi.

"Lebo ziko wapi?"

"Kabatini."

"Kwa nini hazikutoka?"

Kimya. Kila mtu akaangalia dagaa wake. Bibi mmoja anayetuchambulia, ambaye kwa umri wake hamwogopi mtu, ndiye aliyesema: "Ufunguo anao Mama. Na Mama alikuwa msibani Igoma."

Miaka kumi na moja nimewagombeza watu kwa kuchelewesha oda, na ufunguo uko kwenye mkoba wangu. Siku hiyo hiyo nikachonga wa pili, nikampa bibi. Hakuna mashine niliyonunua, hakuna mtu niliyemfukuza.

Waliozoea kivuko cha Kigongo kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa mwaka 2025 watanielewa. Kuvuka kwenyewe hakukuwa shida, shida ilikuwa foleni ya kusubiri kuvuka. Sisi tulikuwa tukihangaika kupiga makasia kwa nguvu, wakati foleni ndiyo inatumaliza.

Kuna kicheko lazima nikiandike. Kijana alikuwa anatueleza mambo ya Toyota, kwamba mhandisi wao Taiichi Ohno alitaja aina saba za upotevu kiwandani, kusubiri ikiwa mojawapo, na kwamba Wajapani upotevu huo wanauita muda. Bibi akaacha kuchambua.

"Wanauita nini?"

"Muda, bibi."

"Basi hao Kiswahili wanakijua."

Mpaka leo mtu akisimama bure kibandani anapigiwa kelele, "Muda huo!" Akataja pia Six Sigma, mbinu ya kupunguza makosa kazini iliyoanzia Motorola mwaka 1986, yenye shabaha ya makosa 3.4 kwa kila milioni. Nikamwambia, mwanangu, pakiti milioni sijafunga tangu nizaliwe, tushuke chini kidogo. Yale maneno ya kupanga mahali pa kazi, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, ambayo wengine mmeyaona kwenye mabango hospitalini, tuliyafanya kwa siku moja, na tukatoa nyavu mbovu na mizani iliyokufa zamani. Kushikilia ndiyo kazi. Kona ile imeshaanza kujaa tena.

Kwenye uzito alinisaidia haraka. Tulipima pakiti ishirini za gramu 250: nyepesi ilikuwa 238, nzito 271. Wastani ulikuwa mzuri, lakini aliyenunua ile ya 238 hakununua wastani, na Wakala wa Vipimo wakija hawatanisikiliza habari za wastani. Sasa kila pakiti inapita mizani kabla ya kufungwa, na mizani ya pili nimenunua.

Lawama ya kwanza. Wiki ya pili alibandika ubao ukutani, kila siku tunaandika muda wa gunia. Wasichana wakaanza kushindana. Ilipendeza mpaka duka moja Dodoma likanirudishia katoni mbili, mchanga kwenye meno ya wateja. Ukitaka mtu awahi, na hupimi kingine chochote, atakapokatia njia ni kwenye kupepeta. Kijana mwenyewe siku ya kwanza aliniambia malengo hugombana, kisha akalisahau ubaoni. Tukaongeza mstari wa pili chini ya ule wa muda: pakiti zilizorudi. Hiyo ilitakiwa iwepo tangu asubuhi ya kwanza, na nauli ya zile katoni nililipa mimi.

Ya pili ndiyo kubwa, na wenye biashara za ziwani isikilizeni vizuri. Yule kijana ni mtu wa mjini, dagaa anawajua kwenye sahani. Namba zake za mwanzo, za magunia kumi na mawili, alizichukua wakati wa giza, usiku hauna mwezi, wavuvi wanatoka na taa za kuvutia dagaa kila usiku na kibanda changu kimejaa mpaka mlangoni. Namba za mwisho akazichukua kwenye mbalamwezi. Mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika, taa haiwezi kushindana na mwezi, na magunia yanaingia mawili matatu. Gunia likiwa peke yake lina foleni gani ya kukaa? Ripoti ikatoka inang'aa: kutoka siku tatu hadi siku moja na nusu, muda umepungua kwa nusu!

Nilimwambia pale pale, nusu hiyo umepewa na mwezi. Alibisha kwa grafu. Nikalipa sehemu ya pili, maana makubaliano ni makubaliano, lakini giza lililofuata nilifunga kitambaa chekundu mwenyewe, gunia kwa gunia, kumi na mawili kama yeye. Nilipata siku mbili na robo. Ni robo tu ya muda tuliyookoa. Kwangu robo hiyo inatosha, oda ya Ijumaa sasa inatoka Ijumaa, na fedha yangu imerudi kabla ya miezi miwili. Ila siyo nusu.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningempa kwa ajili ya lile gunia la kitambaa. Ukimchukua, mlazimishe apime kabla na baada katika msimu ule ule, na umwekee kipimo cha ubora pembeni ya kile cha kasi. Chakula cha mchana anajitegemea, na hana makuu.

Nimempigia simu, nikamsomea namba zangu za giza. Alinyamaza kidogo, akasema ataisahihisha ripoti kabla ya kuionyesha kwa mteja mwingine. Hiyo ni wiki ya nne sasa. Sijaiona.