Kabla hujabadilisha prosesa ya kompyuta yako ya gemu, soma mstari wa L3

Nilinunua Ryzen 7 5700, prosesa ya AMD, nikiamini ni ndugu wa tumbo moja na 5700X, na uchungu wake haujanitoka hadi leo. Muuzaji nilimuuliza waziwazi: hii ina tofauti gani na ile yenye X? Akanijibu, "Dada, ni ile ile, hii imekosa herufi tu." Nikasoma maelezo aliyobandika: viini (cores) 8, nyuzi (threads) 16, spidi ya juu 4.6 GHz. Nikatafuta ya 5700X: viini 8, nyuzi 16, 4.6 GHz. Tena spidi ya kuanzia ya hii niliyoishika ilikuwa 3.7 GHz, na ya mwenzake 3.4. Mtu akisoma harakaharaka ataona hii isiyo na X ndiyo bora. Nikalipa.

Nilikuwa natoka kwenye Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, mazabodi ya B450, kadi ya grafiki Radeon RX 6700 XT. Wastani wa fremu (picha kwa sekunde) ulipanda, na ulipanda vizuri. Lakini kero iliyonipeleka sokoni, ile picha kukwama kidogo kila unapoingia mjini penye watu wengi au unapogeuka ghafla, haikuondoka. Ilipungua tu. Mdogo wangu ana Ryzen 5 5600, viini 6, bei yake chini ya yangu, na kadi yake ni aina moja na yangu. Tukaweka mashine mbili mezani, gemu moja, sehemu moja, mipangilio ile ile. Ya kwake inateleza. Ya kwangu inajikwaa.

Usiku ule nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha maelezo ya prosesa. Ukurasa wa kwanza, chini upande wa kulia, kuna kisanduku kidogo cha kache (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe) ambacho nilikuwa nakipita kila siku. Mstari wa mwisho, ndio wa L3: Level 3, 16 MBytes. Nikaenda kwenye mashine ya mdogo wangu. Mstari ule ule: 32.

Hapo ndipo mwongozo huu ulipozaliwa, na ndiyo maana sitakuchosha na hesabu ya viini wala GHz. Hizo kila muuzaji anakuandikia kwa herufi kubwa. Nataka tuzungumze kuhusu kache ya L3, kwa sababu ndiyo inayoachwa nje ya tangazo, na kwenye gemu ndiyo inayouma.

Prosesa ikihitaji data, inaanza kuitafuta karibu yake. Ikiikuta kwenye L3, inaipata kwa takriban nanosekunde 10. Isipoikuta, inaifuata kwenye RAM, na safari hiyo kwenye DDR4 ni nanosekunde 60 hadi 80. Mfikirie fundi cherehani: uzi ulio mezani anauchukua bila kuinua kichwa, ulio stoo unamsimamisha kazi. Gemu ina vitu vingi vidogo vinavyoulizwa bila mpangilio: nani yuko wapi, risasi imegusa nini, gari lile linaelekea wapi. Meza ikiwa ndogo, fundi anashinda stoo. Monita ya 144 Hz inataka fremu mpya kila milisekunde 6.9. Safari za stoo zikijazana kwenye fremu moja, fremu hiyo inachelewa, na jicho lako linaona mkwamo hata kama wastani unasomeka mzuri.

Sasa, je, unahitaji prosesa kweli? Jibu hili kwanza, maana wengi wanaoniandikia tatizo lao liko kwingine. Weka programu ya MSI Afterburner, iambie ikuonyeshe juu ya skrini matumizi ya kadi ya grafiki, matumizi ya kila uzi wa prosesa, na grafu ya muda wa fremu. Zima V-Sync (inayozifunga fremu kwa kasi ya monita) na ukomo wowote wa fremu. Cheza nusu saa kwenye sehemu inayokukera. Kadi ikikaa asilimia 97 hadi 99 muda wote, funga mfuko wako. Prosesa mpya haitakusaidia kitu, kadi ndiyo imefika mwisho. Kadi ikishuka hadi 60 au 70 huku fremu zinayumba, basi inamsubiri prosesa. Na usidanganywe na ile asilimia ya jumla. Prosesa inaweza kuandika 40 kwa jumla huku uzi mmoja uko 100, na gemu nyingi zinabanwa na uzi huo mmoja.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi: shusha ubora wa skrini kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikibaki pale pale, mzigo uko kwa prosesa.

Halafu angalia vitu viwili vya bure. RAM yako ya 3200 inawezekana inatembea kwa 2133 kwa sababu hakuna aliyewasha XMP, mpangilio unaoifikisha RAM kwenye spidi yake, kwenye BIOS (programu ya msingi ya mazabodi). Na kama una kijiti kimoja cha RAM badala ya viwili, unatumia njia moja kati ya mbili. Nimewahi kumrudisha mtu kutoka mlangoni mwa duka kwa hilo la XMP.

Ikiwa baada ya hayo yote bado ni prosesa, huu ndio mpangilio wangu. Nasema mapema kwamba mimi ni mtu wa AMD, na sababu yangu ni soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi. Ryzen za kwanza za AM4 zilitoka 2017, na kufikia 2022 AMD iliruhusu hata mazabodi za kizazi cha kwanza zipokee Ryzen 5000 kwa kusasisha BIOS. Mtu aliyenunua bodi miaka ile anaweza kuruka vizazi vitatu bila kugusa kitu kingine. Upande wa Intel, aliyenunua Core i7-7700K mwaka huohuo 2017 alikuta kizazi cha nane kinatumia soketi yenye jina lile lile, LGA 1151, lakini hakikubaliki kwenye bodi yake. Kwa mtu anayejinyima ili anunue kompyuta, hiyo si tofauti ndogo.

Ya kwanza: Ryzen 7 5700X3D, au 5800X3D ukiipata. Hizi zina L3 ya MB 96. AMD ilichukua kipande cha kache cha MB 64 ikakibandika juu ya zile 32 za kawaida. 5800X3D ilitoka Aprili 2022, 5700X3D Januari 2024, zote viini 8. Spidi ya 5700X3D inaishia 4.1 GHz, na hapo ndipo wauzaji wanapokwambia ni dhaifu kuliko 5700 ya 4.6. Usiwasikilize. Kwenye Microsoft Flight Simulator, kwenye Factorio, kwenye gemu za mbio na za kujenga miji, hii ya spidi ndogo inaiacha mbali ile ya spidi kubwa. Ukiwa na AM4 na kadi nzuri, hapa ndipo pa kuishia. Haiji na kipooza chake, kwa hiyo weka akiba ya kipooza cha maana, maana kile kipande cha juu hufanya joto litoke kwa shida kidogo.

Mbili hizi kuzipata mpya imekuwa kazi, na mtumba wake unauzwa kwa kiburi. Nimeona 5800X3D iliyotumika ikiombwa bei ambayo mwenye akili timamu angeongeza kidogo akaanza kutazama soketi mpya. Muuzaji anajua una bodi ya AM4 na huna pa kwenda, basi anakubana. Subiri. Zinajitokeza tena.

Ya pili: Ryzen 5 5600. Viini 6, nyuzi 12, L3 ya MB 32, inakula wati 65 na inakuja na kipooza ndani ya boksi. Kama kadi yako ni ya daraja la kati, hii inatosha, na ndiyo iliyoniumbua mbele ya mdogo wangu.

Ya tatu: Ryzen 7 5700X. L3 ni MB 32, sawa na 5600. Viini viwili vya ziada vitakufaa ukiwa unarusha gemu mubashara au unahariri video. Kwa gemu peke yake sioni sababu ya kuongeza pesa.

Ya nne: kuhamia AM5. Ryzen 7 7800X3D ya 2023 ina MB 96, na 9800X3D iliyotoka Novemba 2024 ndiyo naitamani mimi mwenyewe. AMD imeahidi kuendelea na soketi hii hadi 2027 na kuendelea. Ila hapa hununui prosesa tu: unanunua bodi mpya na RAM ya DDR5. Na bei ya RAM tangu mwishoni mwa 2025 imepaa vibaya, kwa sababu watengenezaji wameelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili mnemba. Inaniudhi kwamba mtu anayetaka gigabaiti 32 za kuchezea sasa anashindana na makampuni hayo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuikamua AM4 hadi tone la mwisho.

Ya tano: wenye Intel ya zamani. Core i7-4790K na 7700K zote zina L3 ya MB 8, na kwenye bodi zao hakuna pa kupanda panapostahili pesa. Usinunue i7 iliyotumika eti uiokoe i5 ya kizazi cha saba. Kama DDR4 yako ni nzima, tafuta bodi ya LGA 1700 inayopokea DDR4 uweke Core i5-12400F, L3 yake MB 18, RAM yako ikabaki kazini. Mtumba wa kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, mimi siugusi. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba nyingi zilikuwa zinajidhuru kwa volti iliyozidi, ikatoa marekebisho ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia madhara mapya. Iliyokwisha kuharibika haiponi, na wewe wa mkono wa pili huna njia ya kujua iliishije.

Mwenye Ryzen 1000, au Intel ya kizazi cha saba kurudi nyuma, ana hoja nyingine: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizo.

Za bei ya chini, Ryzen 5 5500, Ryzen 5 5600G na hiyo 5700 yangu, zote ni MB 16 na zote zinaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi ya grafiki na prosesa. Kwa kadi ndogo kama RX 6500 XT inayotumia njia nne tu za PCIe, hilo la pili nalo linaumiza ukiwa na bodi ya B550. Nunua 5500 ikiwa pesa imegoma kabisa. 5700 usinunue.

Ukishapata yako, sasisha BIOS *kabla* hujang'oa prosesa ya zamani, la sivyo utawasha upate skrini nyeusi. Halafu cheza gemu dakika kumi ili pesti iliyo chini ya kipooza ilainike, zima, chomoa umeme, na ukizungushe kipooza kushoto na kulia taratibu kabla ya kukivuta. Prosesa za AM4 zina pini 1,331 chini ya tumbo. Ukivuta kwa nguvu pesti ikiwa imekauka, prosesa inang'oka na kipooza huku soketi imefungwa, na pini zinalala.

Kuhusu wauzaji nina neno zito. Kiasi cha L3 kiko wazi kwenye ukurasa wa maelezo wa kila prosesa kwenye tovuti ya AMD. Hakijafichwa. Anayenakili viini, nyuzi na GHz kutoka ukurasa huo anauona mstari wa L3 hapohapo, na anauruka. Nilipomrudia yule wangu na picha za CPU-Z mbili, akaniambia boksi limeshafunguliwa. Nikamuuliza, ningeijua kache yake bila kufungua boksi kama wewe mwenyewe ulisema ni ile ile? Akahamia kwa mteja mwingine.

Nilipoiuza 5700 ile niliandika kwenye tangazo: L3 MB 16, si sawa na 5700X. Ilikaa wiki sita, ikachukuliwa na kijana aliyeitaka kwa kazi za ofisini, na alijua anachonunua.

Kabla ya kulipa mtu yeyote, dai picha tatu. Ya juu ya prosesa, herufi zote zisomeke hadi ya mwisho. Ya pini, ikipigwa kwa mshazari ili ionekane iwapo mistari imenyooka. Na ya CPU-Z, mashine ikiwa imewaka, kisanduku cha kache kionekane. Akikupa mbili akakunyima ya tatu, mwachie prosesa yake.