TAHADHARI: "Fundi wa Windows" anayekuuzia ulinzi ni mwizi, ile namba msiipige

Jamani, ile namba inayotokea kwenye skrini nyekundu yenye king'ora, msiipige. Nasema tena, msiipige! Ni walewale matapeli wanaojifanya mafundi wa Microsoft, wamebadilisha rangi ya skrini tu. Na kwa kuwa waliolizwa wananyamaza kwa aibu, acha waanikwe hapa namna wanavyomwingiza mtu mjini.

Uko zako mtandaoni, umebofya tangazo au umekosea herufi moja kwenye anwani ya tovuti. Ghafla skrini nzima imejaa nembo ya Microsoft, king'ora kinalia, na sauti inasema kompyuta imefungwa, usiizime, piga namba hii sasa hivi la sivyo data zako zinafutwa. Unabofya X, haifungi. Mshale wa mausi hauonekani. Hapo nani asiyeshika simu?

Kumbe ule ni ukurasa wa wavuti tu, umejitanua ukajaza skrini. Ile X unayoibofya ni picha iliyochorwa, na mshale umefichwa na ukurasa wenyewe. Kompyuta haina ugonjwa wowote. Shikilia Esc sekunde kadhaa, kisha Alt na F4. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari kwenye orodha, bofya "End task". Ukikifungua tena kikakuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa, maana utarudishiwa uchafu uleule.

Ukishapiga, anapokea mtu mpole kupita kiasi. Anakuelekeza upakue AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali, halafu umsomee tarakimu zinazotokea. Programu hizo ni halali, mafundi wa kweli wanazitumia kila siku, ndiyo maana antivairasi haishtuki. Unabofya kukubali, na mausi inaanza kutembea yenyewe.

Hapa ndipo wanapommaliza mtu. Anafungua Event Viewer, anakuonyesha alama nyekundu na za njano mamia kwa mamia. "Unaona? Virusi vyote hivi!" Uongo mtupu. Lile ni daftari la Windows la matukio. Hata kompyuta iliyotoka kwenye boksi juzi ina makosa humo: huduma iliyochelewa kuwaka, programu iliyokosa ruhusa. Tukio namba 10016, kwa mfano, Microsoft wenyewe wanasema lipuuzwe. Kisha anaandika netstat kwenye kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, anakuonyesha safu ya "Foreign Address" na kukuambia hao ni wadukuzi wa nje walioingia. Ni anwani za mashine ambazo kompyuta yako inawasiliana nazo, zikiwemo za tovuti ulizofungua mwenyewe.

Lakini changa la macho lenyewe ni hili. Anakuambia andika assoc humo humo, amri inayoorodhesha aina za faili, kisha anasema, "Nakusomea namba ya siri ya kompyuta yako, wewe hakikisha." Anasoma polepole: 888DCA60-FC0A-11CF-8F0F-00C04FD7D062. Inalingana herufi kwa herufi! Mtu anajiuliza, kaijuaje kama hatoki kampuni? Anaijua kwa sababu ni ileile kwenye kompyuta za Windows zote, yake ikiwemo. Kwa hiyo msiwacheke waliopigwa. Ukisomewa namba iliyo kwenye mashine yako mwenyewe, kuamini si ujinga.

Ndipo anapokuuzia "ulinzi wa maisha". Anachokuwekea ni programu ya bure, au hakuna kitu kabisa. Wakati Windows 10 na 11 zinakuja na antivairasi yao, Microsoft Defender, ndani yake, hulipii chochote! Anataka namba za kadi ya benki, na kadi ikikataa anakutuma ununue kadi za zawadi umsomee tarakimu. Kadi za zawadi! Hawa wafungwe, na wanaowakodisha namba za simu wafungwe nao, na mitandao inayopokea hela yao ya matangazo ilipishwe kila senti iliyoibwa. Wanatafuta wazee makusudi. Laana iwafuate.

Dalili? Onyo la kweli la Microsoft haliweki namba ya simu, na hawakupigii bila wewe kuomba msaada. Anayekataza usikate simu au usimwambie mtu nyumbani, mwizi. Basi.

Kama ameshaingia, chomoa waya wa intaneti au zima Wi-Fi kwanza, usibishane naye. Ipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Kwa kifaa kingine badilisha nywila, ukianza na ya barua pepe, maana nywila nyingine zote huwekwa upya kupitia hapo. Humo humo angalia kama hajaweka amri ya kupeleka nakala za barua zako kwake. Kwenye kompyuta ondoa ile programu aliyoingilia, kagua programu zinazojiwasha zenyewe, sehemu ya "Startup" ndani ya Task Manager (ile orodha ya Ctrl, Shift na Esc), kisha endesha uchunguzi wa Defender wa nje ya mtandao: kompyuta itajiwasha upya, subiri kama dakika 15. Kama alikaa ndani muda mrefu bila wewe kuona anachofanya, usihangaike kusafisha. Hifadhi nyaraka na picha pekee, futa diski, weka Windows upya.

Halafu subirini simu ya pili, hiyo hawakosi. Eti kampuni iliyokuuzia ulinzi imefungwa, wanakurudishia pesa. Anaingia tena, unafungua akaunti ya benki mbele yake, anabonyeza F12, inayofungua msimbo wa ukurasa, na kubadilisha salio linaloonekana kwenye skrini yako tu. Sifuri moja imeongezeka. Anaanza kulia kwamba amekosea, atafukuzwa kazi, umrudishie iliyozidi. Hakuna kilichoingia. Pakia ukurasa upya uone salio lako lilivyo.