Programu ya Biblia ya YouVersion kwa abiria wa mwendokasi: inatuliza, ila inyamazishe kwanza

YouVersion ni programu ya bure, haina matangazo, na inaingia kwenye simu za Android na iPhone. Ilitolewa na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani, Julai 2008, mwezi uleule Apple walipofungua duka lao la programu. Hapa Dar es Salaam imekuwa Biblia ya watu wengi: mchungaji akitaja sura, nusu ya benchi inatoa simu. Kwa kusoma andiko wakati wa ibada haina shida. Tathmini hii inaipima kwa kazi ngumu zaidi, nayo ni kumsaidia mtu anayetoka Kimara au Mbezi alfajiri kwa basi la mwendokasi afike Posta, katikati ya jiji, akiwa na moyo uliotulia, na akijua kwa nini Mungu amempa siku hiyo. Kazi hiyo inaiweza, lakini si kwa jinsi inavyokuja ikiwa imetoka kupakuliwa.

Anza nyumbani, kwenye mipangilio. Fungua akaunti, la sivyo alama za rangi na maandishi yako vitapotea siku simu itakapoibiwa. Pakua tafsiri moja au mbili za Kiswahili ili usome bila bando. Si kila tafsiri inaruhusu kupakuliwa, kwa sababu ruhusa inatoka kwa mwenye haki za tafsiri, kwa hiyo jaribu mapema ukiwa na mtandao. Kisha zima arifa zote ubakize moja tu, ya saa uliyochagua. Jambo la mwisho ndilo kubwa: kabla ya kufungua Biblia, weka simu kwenye hali ya ndege. Ujumbe wa kikundi cha harusi ukishuka juu ya zaburi, zaburi imekwisha. Macho yatarudi kwenye mstari, ila akili itakuwa imeshaanza kuhesabu mchango.

Sasa tafsiri, maana hapa ndipo programu inapomsaidia sana msomaji wa Kiswahili, na ndipo wengi wanapopotelea. Orodha inakuonyesha Biblia ya Union, Habari Njema, Neno, na hata ile ya mmisionari Mjerumani Roehl, ya mwaka 1937. Hiyo ya Roehl ilikwepa kwa makusudi maneno mengi yenye asili ya Kiarabu, kwa hiyo ni hazina kwa anayependa lugha, lakini si ya kuanzia asubuhi. Union ni ya mwaka 1952, na jina lake linatokana na kuunganisha tafsiri mbili za zamani, ya Unguja na ya Mombasa. Ndiyo inayokaa kichwani. Maneno yake yana mwendo wa wimbo, nayo ndiyo tuliyofundishwa kukariri tangu Sunday school. Habari Njema ni ya miaka ya 1990, imefanywa na vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya kwa lugha ya mazungumzo, na ina toleo lenye vitabu vya deuterokanoni, yaani vile vya Agano la Kale ambavyo Biblia za Kiprotestanti huviacha, ambalo Mkatoliki atalihitaji.

Tofauti ya Union na Habari Njema inaonekana vizuri kwenye Wafilipi 4:6, mstari ambao kila mwenye wasiwasi huelekezwa. Union inasema "Msijisumbue kwa neno lo lote, bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Msomaji wa leo anajikwaa mara mbili. Kwanza, "neno" hapa ni jambo, shughuli, kitu chochote kile: kodi ya nyumba, majibu ya vipimo, ada ya mtoto. Pili, "kujisumbua" kwa sikio la sasa ni kama kujihangaisha kwa kazi, ilhali mtume Paulo anazungumzia hofu ya moyoni. Habari Njema inaingia moja kwa moja na kusema "msiwe na wasiwasi". Kwa hiyo ielewe kwa Habari Njema, ikariri kwa Union. Ukigusa mstari, programu inakuruhusu kulinganisha tafsiri papo hapo, na kwa kitu hicho kimoja imelizidi kabati la vitabu.

Kuhusu kutafuta maneno: ukiandika "wasiwasi" ukiwa ndani ya Union, Wafilipi 4:6 haitatokea, kwa sababu neno hilo halimo kwenye mstari huo. Jaribu pia "fadhaa", "msifadhaike", "sumbukia". Kumbuka vilevile kwamba Union inaandika "lo lote" na "ye yote" kwa maneno mawili. Wengi huona programu ina kasoro, kumbe ni tahajia ya zamani.

Mipango ya kusoma ni mingi, na hapa lazima kuchagua kwa mkono mzito. Biblia ina sura 1,189. Mpango wa mwaka mzima unadai sura tatu au nne kila siku, na mwenye malaria ya wiki moja anaamka akiwa nyuma kwa sura zaidi ya ishirini. Kuna sehemu ya kusogeza tarehe mbele ili deni lifutike, itumie bila aibu. Lakini hata mwenye afya, mara nyingi hukwama Kutoka 25, vipimo vya hema vinapoanza, na mbele yake kuna Walawi yenye sura 27. Hiyo ni kazi ya mchana wa Jumamosi wenye nafasi. Alfajiri ya kituoni haiibebi. Baadhi ya mipango ya siku tano au saba iliyoko kwa Kiswahili ni tafsiri ya maandishi ya nje, na Kiswahili chake kinakwaruza. Soma siku ya kwanza. Kama haina andiko zaidi ya mistari miwili na iliyobaki ni ahadi za mafanikio, iache.

Mpango ulio bora kwa msafiri wa jiji hili haumo kwenye mapendekezo ya programu, uko ndani ya Biblia yenyewe. Ni Zaburi ya 120 hadi ya 134, zile zinazoitwa nyimbo za kupanda, ambazo kwa mapokeo ya kale ziliimbwa na watu waliokuwa wakisafiri kupanda Yerusalemu. Ziko kumi na tano, yaani wiki tatu kamili za Jumatatu hadi Ijumaa. Zote pamoja zina mistari 101. Fupi kabisa, ya 131, ya 133 na ya 134, zina mistari mitatu kila moja. Ndefu ni ya 132 pekee, yenye mistari 18, nayo itakuangukia Jumatano ya wiki ya tatu. Igawe: kumi asubuhi, iliyobaki jioni.

Namna ya kuisali ni hii. Kabla ya kutoka nyumbani, soma zaburi ya siku mara mbili kwa sauti, taratibu, ukiisikia. Chagua kipande kimoja kisichozidi maneno kumi. Kwa Zaburi ya 121, kwa mfano, "Msaada wangu u katika BWANA". Kiseme mara tano bila kuangalia. Kisha funga simu, iingie mfukoni au kwenye pochi iliyofungwa, na isitoke tena hadi ufike. Simu iliyonyooshwa dirishani mwa daladala Buguruni au kwenye msukumano wa mlangoni ni mali ya kibaka, na sala inayofanywa huku unalinda simu haitulizi. Ndani ya basi, kila basi linaposimama kituoni rudia kipande chako kimoyomoyo: nusu ukivuta pumzi, nusu ukiitoa, kisha nyamaza hadi kituo kinachofuata. Shekilango, Manzese, Magomeni, Fire. Hata siku mto Msimbazi umefurika na barabara imefungwa Jangwani, bado una cha kufanya zaidi ya kulalamika.

Kwa nini kinafanya kazi? Akili iliyochoka haibebi sura nzima, ila inabeba sentensi. Na sala ya namna hii haitafuti utupu wa mawazo, inamwelekea Mtu. Zaburi ya 131 inasema "nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha", ikaifananisha na mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa kifuani mwa mama yake. Mtoto huyo haombi maziwa tena, anatulia kwa sababu yuko na mama. Ukiielewa picha hiyo hutauliza kila asubuhi kama "umejisikia kitu".

Jumatano ya wiki ya pili ni Zaburi ya 127, na kwa mtu wa Dar es Salaam ni kama imeandikwa jana. Inawataja wanaoamka mapema na kukawia kulala, kisha inasema Mungu "humpa mpenzi wake usingizi". Isome usiku pia. Ikiwa usingizi unakukimbia wiki baada ya wiki, moyo unadunda bila sababu au huoni haja ya kuishi, nenda hospitali na mwambie mchungaji au padri wako. Kumwona daktari hakupunguzi imani.

Kuhusu kusudi la siku, tumia sehemu ya maandishi. Baada ya zaburi, andika sentensi moja yenye jina la kazi na jina la mtu: "Leo nitahesabu fedha za mteja wa kwanza kama za wa mwisho", au "Nitamsikiliza fundi hadi amalize". Msingi wake ni Wakolosai 3:23, kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana. Sentensi kama "niwe mtu bora" haina kazi, jioni hutaweza kuipima. Jioni ifungue, jibu ndiyo au hapana, mshukuru Mungu au mwombe msamaha, funga. Dakika tatu zinatosha.

Mstari wa siku unaotokea kwenye kioo ndio kitu ninachokiogopa zaidi kwenye programu hii, kwa sababu ni mtamu na umekatwa. Chukua Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Unasambazwa kila siku kwenye vikundi vya jumuiya kama ahadi ya mambo kunyooka wiki hii. Gusa ufungue sura nzima: ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa miaka sabini. Mstari wa 7 ndio unaowapa kazi katikati ya kungoja, wauombee mji wa ugeni, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani". Mkaaji wa Bandari Salama anayesoma hadi hapo anapata kusudi lenye miguu: jirani, mtaa, ofisi. Anayeishia kwenye picha yenye maua anapata faraja ya nusu saa.

Kasoro nyingine ni hesabu ya siku mfululizo. Imewekwa ili kukutia moyo, na kwa anayeanza inasaidia kwa wiki mbili tatu. Baadaye inageuka bosi. Mtu anafungua programu saa tano na dakika hamsini usiku, anagusa mstari, anafunga, namba imepona na moyo haujala. Ukijiona umefika hapo, ruka siku moja kwa makusudi, usome kwenye kitabu, na uiache namba irudi sifuri.

Kitabu chenyewe kinahitajika. Jioni, hasa umeme ukikatika na betri iko chini, Biblia ya karatasi ndiyo inayobaki. Haina mwanga wa kukufukuza usingizi, wala haina mlango wa kutokea kwenda mtandao mwingine. Nunua yenye maandishi makubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Ya mfukoni inavutia dukani, ila chini ya mshumaa haisomeki. Karatasi zake ni nyembamba na joto la pwani linazinywesha unyevu, hivyo tafuta jalada la zipu na usiiache dirishani wala kwenye gari.

Kwa dereva wa daladala au wa bodaboda programu hii haifai kazini, hata ya kusikiliza masikioni. Kwake njia ni kukariri kipande cha zaburi kabla ya kuwasha chombo. Na anayeshuka Kivukoni akiwa na dakika kumi mkononi asikae kituoni akitazama kioo. Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yaliyoanza kujengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, yako umbali wa kutembea kwa miguu upande wa bahari. Ukikuta mlango uko wazi, zima simu, keti benchi la nyuma, na sema kile kipande ulichobeba tangu nyumbani.