Pete ya rozari: inawafaa wenye mikono isiyotulia

Nauza mchele na maharage soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na rozari ya shanga ilikuwa inanasa kwenye magunia kila mara. Pete hii nimeipata kwa Tsh 3,000 duka la vitu vya ibada. Ina vinundu kumi na msalaba mdogo: kwenye msalaba Baba Yetu, kila kinundu Salamu Maria, mwisho Atukuzwe Baba. Tendo moja, yaani fungu moja la rozari lenye Salamu Maria kumi, linaisha kabla daladala ya kutoka Kiboroloni haijafika mjini. Mengine nayasali mchana wateja wakipungua. Konda akidai nauli katikati ya Salamu Maria ya saba, kidole kinabaki pale pale, namlipa, naendelea. Kwa hilo tu naisifu.

Ila rangi ya fedha inachubuka upesi, na jua likiwaka kidole kinageuka kijani. Vumbi la mchele nalo linaganda kwenye vinundu, sugua na mswaki mkuukuu. Ijaribu kidoleni jioni, maana asubuhi vidole huwa vyembamba. Mwenye nafasi achukue ya chuma kisichoshika kutu, bei yake inazidi kidogo tu.