Safari ya mahema Serengeti na Ngorongoro: uliza kwanza hema linasimama wapi

Habari zenu bandugu, ba mama, ba papa, na nyinyi wadogo zangu wa Kampemba, Katuba, Ruashi na komini zote za Lubumbashi. Leo tunachambua kitu mlichoniomba sana: safari ya kundi ya kulala kwenye mahema, ile inayouzwa Arusha, kule Tanzania. Mnapanda watu sita au saba kwenye Land Cruiser moja, mna dereva anayejua wanyama, mna mpishi, mnapita Tarangire, Serengeti na Ngorongoro.

Nianze na hukumu yangu. Ninaikubali. Kwa mtu anayechunga makuta yake, ninaiweka juu ya hoteli, na si kwa sababu ya bei tu. Ila kuna swali moja lazima ulitoe mdomoni kabla hujalipa hata dola moja: hema langu litasimama wapi, usiku kwa usiku?

Ngojeni nieleze, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna safari ambayo hema linasimama Seronera, katikati kabisa ya Serengeti. Na kuna safari ambayo hema linasimama Mto wa Mbu au Karatu, miji midogo nje ya hifadhi, kila asubuhi mnaendeshwa mpaka getini. Zote mbili zinaitwa safari ya kambi. Picha kwenye tangazo ni zile zile, hema la kijani na simba pembeni. Lakini ni bidhaa mbili tofauti kabisa.

Kwa nini kampuni ikulaze nje? Hesabu. Mgeni mtu mzima analipa Serengeti dola 70 za kiingilio katika msimu mkubwa, halafu dola 30 za kulala kwenye kambi ya umma kwa usiku mmoja, na kodi juu yake. Ukilala nje, zile 30 zinabaki. Kwa Ngorongoro sina ugomvi sana, Karatu iko karibu na geti. Kwa Serengeti nina ugomvi mkubwa. Kutoka Arusha mpaka Seronera ni zaidi ya kilometa 300, fikirieni Lubumbashi mpaka Kolwezi, na sehemu kubwa baada ya Ngorongoro ni vumbi na mtikisiko. Ukisafiri hivyo halafu usilale ndani, umelipia barabara.

Thamani yote iko kwenye saa ya kwanza baada ya kupambazuka. Simba wanawinda usiku na alfajiri. Jua likishapanda kidogo wanaingia kivulini, wanalala, na wewe utapiga picha za matumbo. Aliyelala Seronera, saa kumi na mbili asubuhi yuko tayari njiani, chai ameinywa gizani, na fisi bado wanarudi kwao. Mwanga ule haudumu. Hakuna hoteli ya nje ya hifadhi inayoweza kukuuzia, hata iwe na bwawa la kuogelea.

Jambo jingine la hesabu. Kibali cha kuingia Serengeti kinahesabiwa saa 24. Mkiingia saa nane mchana, kesho saa nane mchana muwe mmetoka, au mmelipa tena. Kwa hiyo ukimwona dereva anaangalia saa, usimnunie. Muulize tangu mwanzo: tunaingia saa ngapi? Na kwa sisi Wakongo: hifadhi zina bei ya wageni wa mbali, bei ya wageni wakaazi, na bei ya raia wa Afrika Mashariki. Nchi yetu iliingia kwenye Jumuiya mwaka 2022. Mwambie muuzaji akuandikie wazi amekuhesabu kwenye orodha gani, na akupe jibu kabla ya malipo, siyo getini huku gari nzima inakusubiri.

Sasa usiku wenyewe. Kambi za Seronera hazina uzio. Ninasema tena kwa wale wanaodhani kuna ukuta: hakuna. Kuna vyoo vya kujengwa, mabomba ya kuogea, na jiko lililozungushiwa nyavu za chuma, kwa hiyo mpishi anapika kizimbani na wanyama wako huru nje. Sheria ni chache. Usiweke chakula ndani ya hema, hata biskuti ya mtoto. Usitoke usiku bila sababu. Ukibanwa, fungua zipu kidogo, mulika tochi pande zote, ukiona macho yanang'aa funga, subiri. Watu wamelala pale miaka na miaka kwa kufuata hayo. Simba anaweza kunguruma umbali wa kilometa kadhaa na ukaona kama yuko kwenye mto wako wa kulalia. Mimi nililala kwa furaha ambayo sijui kuieleza. Kusikia ile sauti kifuani, siyo masikioni, peke yake ilinirudishia pesa yangu.

Ninachotaka mkisikie vizuri zaidi ni hiki: sisi tunakwenda kule tukiwa na mali ambayo Mzungu hana. Tunaongea lugha ya dereva. Kwenye gari kuna redio, na madereva wanapeana habari siku nzima kwa Kiswahili: chui yuko kwenye mti fulani, duma amevuka barabara na watoto, magari yamejaa pale, zunguka kwa nyuma. Wenzenu wa kundi wanangoja watafsiriwe. Wewe umeshasikia, umeshasimama, kamera iko juu. Na ukimwita dereva kaka, ukamuuliza kwao ni wapi, ukampa mkono mpishi asubuhi, safari inabadilika. Atakuambia kwa nini twiga hawashuki kwenye bonde la Ngorongoro, kwamba kuta zake zimesimama sana. Atakuonyesha nyayo ambazo hakupanga kukuonyesha. Kiswahili chetu cha Katanga kitawachekesha kidogo, sawa, lakini tunaelewana kabisa.

Chakula. Sikutegemea kusifu chakula cha porini, lakini ninasifu. Supu kila jioni, wali, kuku, mboga, matunda. Ugali ukiuomba wanapika, nao ni bukari yetu, mweupe na mgumu vizuri. Sombe, yale majani ya muhogo, usitafute. Mchana ni chakula cha boksi: yai, kipande cha kuku, juisi, keki kavu. Pale Ngoitokitok ndani ya Ngorongoro, penye bwawa la viboko, kuleni ndani ya gari. Kuna mwewe wanashuka kutoka nyuma na kuchukua kuku mkononi, na kucha zao zinakata. Matabishi, yaani bakshishi, ya dereva na mpishi mkubaliane kama kundi mapema, yawe kwenye bahasha, kila mmoja na yake. Mpishi mara nyingi anasahaulika, na yeye ndiye analala wa mwisho.

Ngorongoro, bandugu, ni baridi. Kambi ya Simba iko ukingoni mwa bonde, zaidi ya meta 2,300 juu. Ile baridi yetu ya mwezi wa saba, pale inakubana hata mwezi wa pili. Hapa ndipo ubora wa kampuni unaonekana. Kuna kampuni moja, sitaitaja, ilitupa magodoro membamba kama blanketi na mifuko ya kulalia isiyofunga zipu. Kwa hiyo omba uone vifaa Arusha, kabla hamjaondoka. Lala juu ya godoro, jaribu zipu, nusa. Hakuna mtu atakayekuona una adabu mbaya, ni haki yako. Na beba soksi nzito, kofia, koti.

Asubuhi yake mtashuka bondeni, meta 600 chini, eneo la kama kilometa za mraba 260, na faru weusi bado wako mle. Ushuru wa kushuka unalipwa kwa gari, siyo kwa kichwa, dola 250 kabla ya kodi. Ndiyo faida kamili ya kundi: mkiwa sita mnagawana, ukiwa peke yako unabeba wote. Lakini hesabuni viti na madirisha. Kila mtu apate dirisha lake na paa lifunguke lote. Wakikuambia wa nane atakaa katikati, kataa.

Tarangire sitakawia. Ni siku moja ya tembo na mibuyu, tena tembo wengi, na mbung'o. Hao mbung'o wanapenda nguo za bluu na nyeusi. Mashabiki wa Lupopo, timu yetu ya mpira, jezi ya bluu iache hotelini. Vaa rangi ya udongo. Mifuko ya plastiki pia iache Lubumbashi, Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2019.

Nilipokuwa kati ya pundamilia maelfu, niliwaza Upemba, hifadhi yetu ya Katanga. Pundamilia wa mwituni waliobaki Kongo wako kwetu, Upemba, na walinzi wa kule wanawalinda kwa maisha yao. Ninatamani watu wa Arusha siku moja waje kulala kwenye mahema yetu, karibu na maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu. Nimeyasema kwa sababu yananiuma.

Miezi: mkitaka nyumbu wakizaa, nendeni mwezi wa pili, tambarare za Ndutu, na kambi iwe upande huo, siyo Seronera. Mkitaka wanavyovuka mto Mara, ni mwezi wa saba mpaka wa tisa, kaskazini, na safari fupi ya siku nne haifiki huko hata wakikuahidi. Mwezi wa nne mvua inageuza barabara tope, bei inashuka, na hema linaloruhusu maji utalijua usiku wa kwanza.

Na yaya, dada yangu aliyeuliza kuhusu watoto: chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio kwenye hifadhi za taifa, lakini kwenye kundi la wageni usimpeleke mtoto wa umri huo. Saa nyingi garini, na usiku anatakiwa anyamaze. Akifika miaka minane au tisa, anayeweza kukaa kimya akimwangalia chui bila kuguswa bega, mchukue, na dirisha la mbele mpe yeye.