Mamoli ya Muscat ukiwa na watoto wadogo: wapi uende na wapi usubiri mgeni

Nianze na joto maana ndo linalotupeleka huko, sio mapenzi ya maduka. Huku Oman kuanzia Juni mpaka Agosti serikali inapiga marufuku kazi za juani saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30, sasa kama fundi mzima na miguvu yake anaambiwa akae kivulini wewe mtoto wa miaka mitatu utampandisha bembea la chuma saa ngapi? Ndo maana kwa sisi tulio huku na familia moli ndo uwanja, ndo baraza, ndo kila kitu mpaka Oktoba huko.

Mall of Oman, pale Bausher, ilifunguliwa 2021 na ndo kubwa kuliko zote nchini. Mara ya kwanza utaduwaa, Mlimani City ya Dar tuliyokuwa tunaringia utaiona kama duka la mtaani. Wanangu (7 na 3) wakisikia jina tu washavaa viatu, sababu ni Snow Oman iliyoko ndani, theluji kabisa, nje nyuzi 40 na kitu ndani chini ya sifuri. Yule mkubwa kazi yake ilikuwa kuchota theluji anatia mdomoni, nikigeuka ameshachota tena. Glavu na soksi nene bebeni za kwenu, na kitambaa cha kufutia kamasi usisahau nakwambia. Ila kwa familia nzima hiyo sio hela ya kila wikendi, sisi tumeiweka ya sikukuu au shangazi akija kutoka Dar. Na siku ya theluji iwe ya theluji tu, msichanganye na manunuzi ya mwezi, maana ile moli ni mwendo jamani na mtoto mdogo akichoka hachoki nusu, anajilaza kwenye marumaru katikati ya watu na habembelezeki.

Kwa siku za kawaida mimi chaguo langu ni Muscat City Centre, kule Seeb. Ni ya zamani, 2001, mwenyewe ni kampuni ile ile ya Majid Al Futtaim yenye Mall of Oman, supamaketi ya HyperMax ipo (mpaka Januari 2025 ilikuwa Carrefour), michezo ya watoto ipo, na ukubwa wake unabebeka, unanunua mchele na maziwa watoto wanacheza kidogo mnarudi hakuna aliyelia. Kama hamna gari, basi la Mwasalat la kutoka Ruwi kwenda Mabela linapita hiyo barabara ya Sultan Qaboos, nauli ni baisa tu, yaani senti za riali. Halafu muwe makini na midomo yenu, wenyeji wengi wa huku wana asili ya Zanzibar. Niko kwenye lifti namfokea mdogo kwa Kiswahili nikijua niko peke yangu, bibi mmoja wa Kiomani kavaa abaya yake ananigeukia, "Muache mwanangu, kachoka huyo, mpe maji." Kiunguja safi kabisa. Nikampa maji, na kweli alikuwa na kiu.

Mall of Muscat maduka sisi tunayapita tu, tunafuata Oman Aquarium. Mdogo alibandika pua kwenye kioo papa anapita, kioo kikajaa ukungu, akafuta kwa kiganja akabandika tena, tukakaa pale pale muda mrefu hadi baba yake akaenda kutafuta kahawa akarudi. Kwa thamani ya hela mimi hii naipa maksi kuliko theluji, hata mtoto asiyejua kuteleza wala kukimbia anafaidi.

Sasa kinachomaliza hela hata sio viingilio, ni zile sehemu za gemu za kadi. Unaweka riali, mtoto anagusisha kadi hapa anagusisha pale, na kwa kuwa haoni noti ikitoka haoni uchungu, na wewe pia huoni mpaka kadi isome sifuri. Pointi zote alizohangaikia mwisho anapewa kifutio na pete ya plastiki. Siku hizi naweka kiasi, namwonyesha mkubwa, zikiisha tunaondoka, akinuna anune. Chakula pia shikeni cha mtoto mkononi, kuna mgahawa mmoja, jina nalihifadhi, walinitoza maji ya moto ya kukorogea uji! Maji!

Vyumba vya kubadilishia watoto mamoli makubwa yote haya vipo na visafi, musalla (vyumba vya kusalia) za wanawake na wanaume zipo, hapo sina neno. Sweta muhimu, viyoyozi vya huku havina huruma. Muda mzuri ni Jumamosi asubuhi, Ijumaa mpaka sala ipite maduka mengi yamefunga, na usiku wa Alhamisi na Ijumaa mji wote uko humo humo, utazunguka kutafuta pakingi mpaka mtoto alale kwenye gari.

Ramadhani ndo ratiba inageuka kabisa, mchana sehemu za vyakula zimefungwa kwa hiyo mlisheni mtoto nyumbani kabla ya kutoka. Uhai unaanza baada ya tarawehe, mataa kila kona, watoto wa watu wanakimbia saa 6 usiku kama mchana. Wa kwangu napeleka Alhamisi tu, pamoja na msongamano wake, kesho yake hakuna shule.