Oveni ya Mkaa ya Mwanjelwa: Keki Moja ya Kwetu, Moja ya Jirani

Kwa anayetaka jibu la haraka: oveni ya mkaa ya trei mbili inayotengenezwa na mafundi bati wa Mwanjelwa hapa Mbeya inafaa, na inamfaa zaidi mtu anayeoka keki za kugawa kuliko anayetafuta oveni ya biashara. Yangu ninayo tangu masika ya mwaka jana. Niliagiza, tukaelewana na fundi kwa Sh 90,000, na nimeitumia wakati wa mvua, wakati wa vumbi, na ile baridi ya Juni na Julai inayofanya Blue Band iwe ngumu kama sabuni ya mche.

Trei mbili zina sababu. Kwetu Iyunga keki ya kumpelekea mtu haiokwi peke yake. Ukioka ya mgonjwa huku watoto wako wanaambulia harufu tu, umewaonea. Sufuria yenye mkaa juu ya mfuniko, ambayo wengi wetu tulijifunzia, inatoa keki moja, na unga wa keki ya pili unabaki kwenye bakuli huku nguvu ya beking pauda ikipotea. Oveni hii inapokea tini mbili za sentimita 20 kwa pamoja. Moja inabaki nyumbani, nyingine inatoka.

Umbo lake ni sanduku la bati lenye kuta mbili. Chini kuna droo ya mkaa, juu kuna sinia jingine la mkaa, katikati trei, na nyuma kitundu cha kupumulia. Kwenye kuta mbili ndipo pa kumkazia fundi. Ziko za ukuta mmoja na bei yake inavutia, lakini joto lote linaishia nje na wewe unalisha mkaa tu. Gonga ubavuni: iliyojazwa vizuri katikati ya kuta ina mlio mzito, ya ukuta mmoja inalia kama debe tupu. Mlango nao ujaribu. Ufunge na karatasi ikiwa katikati, kisha uivute. Ikichomoka bila kushikwa, mwambie arudie kabla hujamalizia hela yake. Wangu ulikuwa na mwanya upande wa juu, na fundi aliunyoosha palepale bila maneno mengi.

Udhaifu upo. Haina kipimajoto, nami nimenunua kidogo cha kuning'iniza ndani, maana bila hicho unabahatisha. Upande wa nyuma unawaka zaidi, kwa hiyo tini lazima zigeuzwe, ila si kabla ya dakika 25, la sivyo keki inashtuka na kuzama. Trei ya chini hutangulia kuiva. Na mwanzoni iwashe tupu mpaka harufu ya rangi iishe kabisa, vinginevyo keki itaibeba.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba mapishi mengi tunayopata yameandikwa na watu wa Dar es Salaam au Zanzibar, na Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo keki inaumuka haraka kuliko inavyoshikana, halafu katikati inabonyea. Oveni hailaumiki hapo. Kwa unga nusu kilo mimi naweka sukari robo kilo, Blue Band robo kilo, mayai 6, maziwa kikombe kimoja na ziada ya vijiko vitatu vya chakula, na beking pauda vijiko vya chai 3 vya bapa pale mapishi ya pwani yanaposema 4. Joto nalipandisha kidogo, nyuzi 185 hadi 190. Mayai yakiwa ya baridi yaloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, la sivyo mchanganyiko unakatika. Ndugu zangu wa Makete na Njombe, kwenu baridi ni kali zaidi, msiruke hatua hiyo.

Sasa naomba nisikilizwe vizuri. Oveni hii inakaa nje, au barazani penye upepo. Baridi ya huku inamshawishi mtu aiingize ndani ili chumba kipate joto. Usifanye hivyo. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala nayo wasiamke. Hata mkaa ukionekana kufifia, bado unatoa. Mimi naiacha nje mpaka majivu yapoe, mvua ikinyesha nasogea nayo chini ya upenu.

Kilichonifanya niipende ni kazi ya kupeleka. Kwetu keki imezoeleka harusini, kipaimara na siku ya kuzaliwa, ndiyo maana ukibisha hodi na keki mtu anauliza kuna sherehe gani. Keki isiyopambwa, iliyofunikwa kitambaa safi, inaondoa swali hilo. Siweki krimu. Krimu inamfanya anayepokea ajione ana deni la sherehe. Keki ya iliki na maganda ya chungwa inakaa siku tatu bila kuharibika, na mtu anaikata na chai yake pale anapotaka.

Bibi wa nyumba ya pili aliposhika sahani aliuliza, "Mwanangu, hii ni ya nani?" Nikamwambia, "Ni yako, bibi." Akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaifunika tena, akaita wajukuu. Wiki hiyohiyo sahani yangu ilirudi na maparachichi. Mtaani kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na hapo ndipo keki inapozidi chochote kilichonunuliwa dukani kwenye karatasi yake, maana sahani inaondoka, inarudi, na watu wanaingiana nyumbani.

Nina utaratibu wangu. Mzazi aliyetoka hospitali ya Meta nampelekea siku ya tatu au ya nne, wageni wakiwa wamepungua na njaa ya kunyonyesha imeanza kumuuma. Msibani siendi na keki siku za kwanza. Siku hizo kinachotakiwa ni mchele, sukari, kuni na mikono ya kuosha vyombo. Keki inakwenda baada ya kuanua tanga, pale nyumba inapobaki na watu wake na hakuna anayebisha hodi. Kwa jirani Mwislamu situmii arki ya vanila, kwa kuwa nyingi zina kilevi ndani, iliki inatosha na inanukia vizuri zaidi. Mwenye kisukari simpelekei keki hata kama ananiambia haina neno. Naenda na ndizi mbichi za Tukuyu au maparachichi, nakaa naye.

Kuhusu mkaa: serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na ni jambo jema, misitu yetu tunaiona inavyopungua. Ndani ya oveni hii mimi nachanganya na mkaa mbadala wa vumbi la mkaa na mabaki ya mimea. Unachelewa kushika moto, lakini ukishika joto lake ni tulivu, na keki inataka utulivu huo. Ukiwa na umeme wa uhakika na hela ya oveni ya umeme, nunua hiyo. Kwa wengi wetu hii ndiyo iliyo karibu.

Ukienda kuagiza, beba tini zako mwenyewe fundi azipime ndani ya trei, na acha nafasi ya vidole viwili kila upande ili joto lizunguke. Oda ya Krismasi au ya Idi ipeleke mwezi mmoja kabla, maana karibu na sikukuu foleni yao ni ndefu na kazi inafanywa kwa haraka.